Sulina, Mji Ulioletwa na Tope

Mto Danube unaanzia katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, unapita au kugusa nchi 10, na baada ya kilomita zipatazo 2,850 unaingia Bahari Nyeusi. Hapo unapoishia, mashariki kabisa mwa Romania, ndipo ulipo mji wa Sulina. Hakuna barabara ya kuufikia. Msafiri hupanda boti bandarini Tulcea, akapita saa kadhaa katikati ya matete na mierebi, mpaka nyumba za gatini zianze kuonekana. Sensa ya 2011 ilihesabu wakazi wasiofika 4,000.

Mji mdogo hivyo ungeweza kusahaulika, lakini kwa miaka 80 ulikuwa mlango wa nafaka ya Ulaya, na kilichouinua ni tope. Karibu na bahari Danube hugawanyika katika mikono mitatu: Chilia, Sulina na Sfântu Gheorghe. Mkono wa Sulina hauchukui maji mengi, ila ndio uliofaa zaidi kwa meli. Mwaka 1829 Urusi iliitwaa milango ya mto huo kutoka kwa Waturuki, mashapo yakaachwa yajikusanye, na kina mlangoni kikabaki kati ya futi 7 na 11. Meli zilikwama na nyingine kuvunjika. Wafanyabiashara waliamini kwamba Urusi ilifurahia hali hiyo kwa sababu iliineemesha bandari yake ya Odessa.

Vita vya Crimea vilipokwisha, Mkataba wa Paris wa 1856 uliunda Kamisheni ya Ulaya ya Danube. Madola saba, ambayo baadhi yao yalikuwa yametoka kupigana, yalikaa meza moja kwa ajili ya mlango wa mto. Naliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko mengi yanayosifiwa katika historia ya Ulaya. Mhandisi wao, Mwingereza Charles Hartley, alijenga kuta mbili ndefu kuingia baharini ili mkondo ubanwe na kulisukuma tope wenyewe. Kufikia 1861 kina kilikuwa futi 17. Baadaye, kati ya 1880 na 1902, mikunjo ya mto ilikatwa na njia ikawa mfereji ulionyooka wa kilomita zipatazo 62.

Kamisheni ilikuwa na bendera yake, hospitali yake na kodi yake kwa kila meli, na ofisini ilizungumza Kifaransa. Jengo lake la 1868 bado limesimama gatini. Wagiriki, Waturuki, Waarmenia, Wayahudi, Waingereza, Waitalia na Walipovani, yaani Warusi wa imani ya kale waliokimbia mateso ya dini kwao, waliishi pamoja. Mwandishi Jean Bart, aliyesimamia bandari hiyo, aliuelezea mji huo katika riwaya yake *Europolis* ya 1933.

Anayetaka kuujua mji ule wa zamani na aende makaburini. Waanglikana, Wakatoliki, Waorthodoksi, Waislamu na Wayahudi wamezikwa jirani, kila jamii na sehemu yake. Kuna mabaharia waliozama wakiwa vijana, kuna binti wa ukoo wa kifalme wa Moruzi, na kuna Mgiriki anayesemekana alikuwa haramia. Sijui mahali pengine padogo namna hiyo palipowakusanya watu wa mbali kiasi hicho.

Kamisheni iliondoka 1939, mabomu ya 1944 yakauharibu mji, kisha 1984 mfereji mpya wa Cernavodă hadi Constanța ukachukua sehemu ya meli. Nalo tope halikusimama: mnara wa taa uliojengwa kando ya maji sasa uko ndani ya nchi kavu, mbali na bahari.

Mwaka 2022, vita vilipoziba bandari za Ukraine za Bahari Nyeusi, meli za nafaka zilirudi kwa wingi, zikipanga foleni baharini kumsubiri rubani wa kuzipeleka Izmail na Reni, bandari za Ukraine zilizo kando ya Danube. Meli hupita kwa sababu Romania inaendelea kuchimba, ili kina cha mfereji kisipungue mita 7.32.