Mahali pa Kujenga: Kuchagua Mji Kando ya Nairobi

Mtu akinunua shati lisilomtosha, humpa ndugu yake akatafuta jingine. Akinunua ng'ombe asiye na maziwa, humrudisha mnadani. Lakini aliyetia akiba ya miaka ishirini katika kiwanja kibaya hana mnada wa kukipeleka. Nyumba amekwisha kuijenga, watoto wamekwisha kuingia shule, na fedha zimekwisha. Ndiyo sababu kuchagua mji wa kukaa ni kazi inayotaka akili iliyotulia na miguu isiyochoka, wala si jambo la kuamuliwa Jumamosi moja ndani ya motokaa ya dalali.

Siku hizi watu wengi wanaofanya kazi Nairobi hawalali Nairobi. Wamejenga Kikuyu, Limuru, Ruiru, Thika, Ngong, Kitengela, Athi River, na hata Machakos. Kila mji una watu wanaousifu na watu wanaoulaani, na aghalabu wote wawili husema kweli, kwa maana anayefuga kuku na anayelea watoto wachanga hawatafuti kitu kimoja. Hakuna mji uliowafaa watu wote. Hata hivyo iko kanuni moja ambayo yafaa ishikwe na kila mtu: kwanza atazame yale asiyoweza kuyabadilisha kwa mkono wake. Mlango mbovu hung'olewa, na bati lililotoboka huezuliwa. Lakini udongo, maji, bonde la mto na umbali wa njia havibadiliki kwa sababu mwenye nyumba amekasirika.

FUNZO LA NAIROBI YENYEWE

Mwaka 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika katika uwanda wenye kinamasi, penye mto ambao Wamasai waliuita wa maji baridi. Wajenzi wa reli walipapenda kwa sababu zao wenyewe. Nchi ilikuwa tambarare, maji yalikuwa karibu, na mbele yao palikuwa na mwinuko mkali wa kuelekea Bonde la Ufa. Palifaa kwa karakana na mabehewa. Kama palifaa kwa maelfu ya watu kulala, hilo halikuwa swali lao.

Matokeo yake yalionekana upesi. Maji ya mvua hayakuwa na pa kwenda, takataka zilijaa, na mwaka 1902 tauni iliingia hata mtaa wa maduka ukachomwa moto. Waganga walishauri mji uhamishiwe mahali pa juu zaidi, lakini ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Machakos, uliokuwa makao ya utawala kabla ya hapo, uliachwa mbali na reli na makao yakahamishwa. Funzo lake ni kwamba mahali pazuri pa kufanyia kazi si lazima pawe pazuri pa kulala, na kosa la siku ya kwanza hulipwa na wajukuu.

UDONGO MWEKUNDU NA UDONGO MWEUSI

Anayetoka katikati ya Nairobi kwenda kaskazini au magharibi, kuelekea Kiambu, Kikuyu na Limuru, huona udongo mwekundu wenye kina. Maji huupenya vizuri, migomba na mboga hustawi, na msingi wa nyumba hautaki gharama kubwa. Anayekwenda kusini au mashariki, kuelekea Athi River na Kitengela, mara nyingi hukuta udongo mweusi unaonata. Udongo huo una tabia yake. Ukilowa huvimba, na ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa ambamo fimbo huweza kuzama. Nyumba iliyowekwa juu yake bila kuchimbwa mpaka kwenye mwamba au changarawe ngumu hupanda na kushuka pamoja nao, na kuta hupasuka. Tena maji ya shimo la choo hayanywewi upesi na udongo wa namna hiyo, basi shimo hujaa wakati wa mvua.

Haina maana kwamba watu wasijenge huko. Wengi wamejenga na nyumba zao zimesimama imara. Lakini waliofanya hivyo waliweka fedha za kuchimba na kujaza tangu mwanzo. Kiwanja cha udongo mweusi kikiuzwa rahisi, mnunuzi na aongeze gharama ya msingi juu ya bei, ndipo alinganishe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa udongo huu, asiyechimba msingi ataziba nyufa kila mwaka.

Hali ya hewa nayo isisahauliwe. Limuru ni juu sana, kiasi cha mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na huko ndiko majani ya chai yalikopandwa kwanza nchini, mwaka 1903. Mwezi wa Julai ukungu hushuka na baridi huuma, na mwenye ugonjwa wa kifua hana budi kufikiri mara mbili. Thika, iliyo kiasi cha mita 1,500, ina joto zaidi na mananasi hustawi. Machakos hupata maembe, lakini mvua zake si za kutegemewa kama zile za Limuru.

MAJI YANATOKA WAPI?

Swali la maji ndilo ambalo wauzaji hulijibu upesi kuliko yote. Wataonyesha bomba lililopita barabarani. Lakini bomba si maji. Nairobi yenyewe hutegemea sana bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 katika nchi ya Murang'a, na mvua zikichelewa huko, hata wakazi wa jiji hupewa maji kwa zamu. Basi anayetaka kujua ukweli asimwulize dalali. Na amwendee mama aliyebeba mtungi, amwamkie kwa heshima, na kumwuliza: “Samahani mama, maji haya hutoka siku ngapi kwa juma? Na yasipotoka, mnanunua mtungi kwa bei gani?” Jibu la mama huyo lina thamani kuliko karatasi yote ya matangazo.

Penye visima virefu vya mashine kuna jambo jingine. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Nairobi na kando yake yana madini ya floridi. Yakizidi kiasi, watoto wanaoyanywa tangu udogoni huota meno ya rangi ya kahawia, na yakizidi sana huumiza mifupa. Shirika la Afya Duniani limeshauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Kuchemsha hakuyaondoi madini hayo. Huua vijidudu tu. Njia ya hakika ni kuchukua maji katika chupa safi na kuyapeleka yapimwe. Lakini hata kabla ya kipimo, meno ya watoto wa mtaa huweza kumwonya mgeni.

BONDE HALISAHAU NJIA YAKE

Wakati wa kiangazi ukingo wa mto hupendeza. Kuna majani mabichi na upepo mwanana, na bei huwa nzuri. Mwezi wa Aprili 2024 mvua kubwa zilinyesha, nyumba nyingi za Nairobi na Athi River zikaingia maji, watu wakafa na mali ikapotea. Serikali iliwaamuru waliokaa karibu na mito wahame. Wengi wao walikuwa wameona mahali hapo wakati wa jua tu. Mto ulioacha bonde lake miaka kumi haujalitoa sadaka. Siku moja utalidai.

SAA ZA NJIANI

Umbali haupimwi kwa kilomita bali kwa saa. Barabara pana ya Thika, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, iliwaleta karibu watu wa Ruiru na Juja, na mwezi huo huo kituo cha gari la moshi cha Syokimau kilifunguliwa. Barabara ya juu ya kwenda Mlolongo ilianza kutumika mwaka 2022, lakini hiyo hulipiwa. Hata hivyo, njia njema huita watu, na watu huijaza tena.

Karani na afanye hesabu hii. Akitumia saa mbili kwenda kazini na saa mbili kurudi, hizo ni saa 20 kwa juma la siku tano. Kwa majuma 48 ya kazi ni saa 960, ndiyo kusema siku 40 kamili, usiku na mchana, ameketi ndani ya matatu. Hatawaona watoto wake ila wamelala. Pengine chumba kidogo kilicho karibu kitampa zaidi kuliko jumba lililo mbali. Hesabu hiyo yafaa ifanywe pamoja na mkewe, maana yeye ndiye atakayebaki na nyumba isiyo na maji wakati bwana yuko njiani.

Shule na hospitali zipimwe vivyo hivyo. Shule mashuhuri ya bweni iliyo karibu haimfai mtoto wa darasa la pili. Yeye anataka shule anayoweza kuifikia kwa miguu bila kuvuka barabara kuu. Thika, Kiambu na Machakos zina hospitali kubwa za umma, lakini swali la usiku wa manane ni hili: mama mwenye uchungu wa uzazi atafikaje huko mvua ikinyesha?

MALI BILA DAFTARI

Hata mahali pakiwa na maji matamu na udongo mzuri, mtu anaweza kufukuzwa. Novemba 2011 nyumba nyingi zilibomolewa Syokimau, na Oktoba 2023 nyingine zilibomolewa Mavoko baada ya kesi ya muda mrefu juu ya umilikaji wa ardhi. Wengi wa waliolia walikuwa na karatasi mikononi. Karatasi na hati si kitu kimoja. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba si hati ya kiwanja, wala risiti ya dalali si hati.

Mnunuzi hana budi kwenda yeye mwenyewe katika ofisi ya ardhi na kuomba uchunguzi rasmi wa namba ya kiwanja, aone jina la mwenyewe na kama kimewekwa rehani. Kisha amchukue mpima ardhi mwenye leseni amwonyeshe mawe ya mipaka. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, sheria ya mwaka 1967 inataka kibali cha bodi ya ardhi, na kibali hicho kisipoombwa kwa wakati mapatano hubatilika.

Kipimo nacho kitazamwe. Viwanja vya futi 50 kwa 100 huitwa thumni ya ekari, lakini hiyo ni futi za mraba 5,000, na thumni kamili ni futi za mraba 5,445. Mkulima aliyezoea ekari zake atakuta pia kwamba kiwanja cha namna hiyo hakitoshi nyumba, choo, ng'ombe na migomba. Akitaka kuendelea kulima, afadhali aende mbali zaidi apate nafasi, kuliko kununua jina la mji.

SAFARI TATU

Basi kabla ya kutoa hata senti, mtu na afunge safari tatu. Ya kwanza iwe mwezi wa Aprili au Mei, mvua ikinyesha, avae viatu vya mpira na kutazama maji yanapotuama. Ya pili iwe alfajiri ya Jumatatu, apande matatu pamoja na wafanyakazi mpaka mlango wa kazi yake, huku akitazama saa. Ya tatu iwe usiku, asikie kama kuna kelele, na aone kama wanawake na watoto hupita njiani bila hofu. Mahali palipomridhisha mara zote tatu, ndipo aende ofisi ya ardhi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, maana jembe baya laweza kubadilishwa asubuhi. Lakini shamba halibadilishwi hivyo. Anayechagua mahali pa kujenga huwachagulia watoto wake maji watakayokunywa na njia watakayopita, nao hawakuwapo kuulizwa.