Ngadji na Tabibu wa Bergman
Katika filamu ya Msweden Ingmar Bergman ya mwaka 1958, tabibu Vergérus, asiyesadiki ila kinachopimika, atamani kumpasua Vogler, bwana wa mazingaombwe, ili aijue siri yake, na mwishowe, akiwa peke yake darini, atetemeka kwa viini macho alivyovikadhibisha.

Wapokomo wa Mto Tana nao waliijua haiba ya kilichofichwa, kwani ngadji, ngoma kuu ya wazee wao, ilisikika tu, wala wasioingizwa katika chama cha wazee hao hawakuruhusiwa kuitazama. Waingereza waliitwaa mwaka 1902, na tangu 1908 imo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Kwa rai yangu elimu ya makumbusho, kama ile ya Vergérus, ni pungufu: gogo na ngozi vimehifadhiwa, sauti imenyamazishwa, na Wapokomo wangali wakiidai.