Simu na Msamiati wa Mkulima wa Mbinga

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi simu iwezavyo kumfaa mkulima wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, na kwa nini jambo hilo lawahusu wachunguzi wa lugha kama liwahusuvyo mabwana shamba.

Neno simu asili yake ni Kiajemi, nalo lilitaja uzi wa madini. Leo simu ya mkulima haina waya, na tangu mwaka 2008 hata fedha zapelekwa kwayo nchini Tanzania. Lakini chombo hicho huchukua maneno, na neno lisiloeleweka halimfai mpokeaji hata likifika upesi namna gani.

Tutazame kwanza kahawa. Mtu akiarifiwa bei ya kilo moja, yampasa kujua ni kahawa ipi: mbivu, ya maganda, au safi iliyokwisha kukobolewa. Kilo tano au sita za kahawa mbivu hutoa kilo moja tu ya kahawa safi. Habari ikikosa neno hilo moja, mkulima atakishuku bure chama chake cha ushirika, au atapunjwa na mlanguzi asijue. Kadhalika kuna neno magoma, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya chini kwa sababu ya shida ya fedha. Kagera huitwa butura. Aliyekwisha kuuza hivyo hapati faida kwa kujua bei tu. Huyo ahitaji mkopo wa haki, wenye masharti yaliyoandikwa kwa maneno ayafahamuyo.

Pili, kilimo cha ngoro. Wamatengo, walimao katika miteremko mikali, hufyeka majani, huyalaza kwa mistari ya kukatana, kisha huyafunika kwa udongo uchimbwao katikati. Hubaki mashimo yazuiayo maji ya mvua yasichukue udongo. Juu ya kingo hupandwa maharagwe, na msimu ufuatao mahindi. Tuseme ujumbe usiozidi herufi 160 wasema, “Panda juu ya matuta.” Asomaye aweza kudhani yatakiwa matuta marefu yaliyonyoka. Ngoro si tuta, wala si shimo peke yake. Na shauri lisilo na jina hilo laweza kubomoa kile kilichohifadhi udongo.

Katika Wilaya ya Nyasa, iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012, watu hulima mihogo na kuvua usipa. Wavuvi wa ziwa hilo hutambua pepo kwa majina, kama vile mwera. Tahadhari itajayo kilomita 40 kwa saa ingeeleweka vema zaidi kama ingetaja na jina la upepo wenyewe.

Basi hatuna budi kuyakusanya maneno ya Kimatengo, Kimanda, Kimpoto na Kinyasa yahusuyo kazi, na kuyapa nafasi katika Kiswahili cha ujumbe wa simu, wa kuandikwa na wa sauti kwa wasiojua kusoma. Mitambo yaweza kununuliwa ng’ambo. Maneno hayo hayapatikani ila shambani na ufukoni.