Rangi Mpya kwa Jahazi Kuukuu

Mtu anunuaye jahazi lililokwisha kutumika huvutwa kwanza na rangi yake. Akiona ubavu unang'aa hudhani amepata chombo imara. Lakini rangi haiponyi ubao uliooza. Huuficha tu, na bahari haidanganyiki.

Kwa hiyo fundi ajuaye kazi yake huanza kwa kisu. Huchoma mbao kwa ncha, hasa karibu na mkuku na mahali zinapokutana na mataruma. Ncha ikizama kama katika muhogo uliopikwa, ubao huo hauna budi kuondolewa na kutiwa mwingine.

Adui mkubwa wa mbao ni kiumbe wa baharini atoboaye miti. Umbo lake ni kama la mnyoo, lakini yeye ni wa jamaa ya chaza na kombe, naye hukereza ubao kwa vigamba viwili vilivyo kichwani. Huingia angali mdogo mno, kwa tundu dogo kama la sindano, kisha hukulia ndani. Basi ubao waweza kuonekana mzima kwa nje, na ndani umekwisha kuwa kama sega la nyuki.

Katika pwani ya Kenya, tangu Lamu hata Vanga, bahari yenyewe husaidia kazi hii. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Jahazi huletwa ufuoni maji yakijaa, hutegemezwa kwa magadi pande zote mbili, na maji yakipwa hubaki pakavu. Ikiwa kazi ni kubwa, hupandishwa juu zaidi wakati wa bamvua moja na kushushwa katika bamvua ifuatayo, yapata siku 14 baadaye.

Kwanza mwani na vigamba vilivyoshika chini ya chombo hukwanguliwa, kwani hupunguza mwendo wake. Kisha moto wa makuti makavu hupitishwa upesi chini ya mbao ili kuua wadudu waliosalia. Baadaye nyufa hutiwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa katika mafuta, nayo hugongwa kwa patasi mpaka ikaze.

Sehemu ikaayo majini hupakwa deheni, ambayo ni chokaa iliyokorogwa pamoja na shahamu. Deheni huwazuia watoboaji wasiingie, lakini haidumu. Yapasa kupakwa tena mara kwa mara. Sehemu ya juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, au rangi. Atakaye rangi na aoshe chumvi kwa maji ya kisima, angoje ubao ukauke kabisa, ndipo apake. Akipaka ubao uliolowa, unyevu utatafuta njia ya kutoka. Rangi itafanya malengelenge na kubanduka.

Jambo moja lataka hadhari. Rangi ya zamani yaweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Isichomwe moto wala isipigwe msasa ikiwa kavu. Ilowanishwe, ikwanguliwe, na mabaki yake yakusanywe. Tena zilikuwako rangi zenye sumu ya bati, zilizotengenezwa kwa kuzuia vigamba. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, ziliharibu chaza wa wavuvi, na mwaka 1982 serikali ya huko ikazikataza kwa vyombo vidogo. Mkataba wa mataifa wa kuzikataza ulifanywa mwaka 2001, ukaanza kutumika mwaka 2008. Atupaye mabaki ya rangi hizo majini huwatilia sumu samaki atakaowavua kesho.

Basi mwenye kununua jahazi kuukuu na afanye hesabu mapema: fedha za mbao na kalafati zije kwanza, za rangi zije mwisho. Rangi hupendeza machoni, lakini mabaharia huvushwa na mbao zilizo chini yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na baharini hakuna mahali pa kujengea.