Bomba Linapopiga Shoti: Tutafute Chanzo Kabla ya Msiba

Alfajiri moja mwanetu mdogo alirudi chumbani hajamaliza kutawadha. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba bomba linamng'ata. Tulimcheka, tukidhani ni uvivu wa kuamka. Siku ya tatu mama yake naye alishtuliwa, akiwa peku juu ya sakafu iliyolowa. Hapo tulitambua kwamba mtoto alisema kweli.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa familia zetu, kwani wengi huyapuuza mashtuko madogo ya bomba. Umeme wa majumbani ni wa volti 230, na bomba la chuma huupitisha. Waya uliochubuka ukiligusa bomba, au koili ya hita ya maji ikipasuka, umeme huo hutafuta njia ya kufika ardhini. Waya wa ethi ukiwa mzima, hupita humo. Ukikatika, njia huweza kuwa mwili wa anayefungua bomba. Ngozi kavu huuzuia kwa kiasi; iliyolowa huupisha kwa urahisi. Basi anayetawadha, anayeoga na anayefua ndio walio karibu zaidi na hatari.

Fundi umeme tuliyemwita hakuanza kwa kubomoa ukuta. Alichomeka nondo katika udongo wenye unyevu nje ya nyumba, kisha akapima kwa mita kati ya nondo hiyo na bomba. Mita ilionesha volti 90. Akazima swichi kuu. Mita ikashuka hadi sifuri. Kumbe chanzo kilikuwa ndani. Kama volti zingebaki, tungeshuku nyumba ya jirani au laini ya umeme ya nje, na ingetulazimu kuwaita wahusika wa shirika la umeme.

Kisha aliwasha sakiti moja baada ya nyingine. Ya taa, mita haikutikisika. Ya soketi, vilevile. Ya hita, volti zikapanda tena. Hita hiyo, tuliyozoea kuiacha imewaka usiku kucha, koili yake ilikuwa imepasuka. Waya wake wa ethi nao ulikuwa umekatwa na fundi wa awali na kukunjwa pembeni, kana kwamba hauna kazi.

Nasaha zetu ni hizi. Bomba likikushtua, usilijaribu tena kwa vidole, na wala usitosheke na testa ya kalamu. Zima swichi kuu kwa mkono mkavu, ukiwa umevaa viatu vya mpira; tawadha kwa maji yaliyokwisha kuhifadhiwa katika ndoo, kisha mwite fundi mwenye mita. Mtu akinaswa, kata umeme kabla ya kumshika. Ukibadilisha bomba la chuma lililofukiwa na kuweka la plastiki, ethi ikaguliwe, kwani baadhi ya nyumba hulitegemea bomba hilo bila wenyewe kujua. Fungeni pia swichi ya kinga, ile inayokata umeme unapovuja kiasi cha miliampia 30, na mbonyeze kitufe chake cha majaribio mara kwa mara.

Dini yetu imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, nasi kwa kucheka tulikaribia kumdhuru mtoto wetu. Tumemwomba radhi. Sasa anapolalamika, tunakwenda kutazama kwanza.