Mali Bila Daftari: Tovuti ya Biashara ni ya Nani?

Wazee wetu wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walipousema usemi huo walikuwa wakifikiria dau, minazi na marobota ya nguo. Siku hizi imeongezeka mali nyingine isiyoshikika kwa mkono wala kuonekana ghalani. Mali hiyo ni jina la biashara katika intaneti, pamoja na anwani za barua pepe zinazoandamana nalo.

Mwandishi wa safu hii anamfahamu mwananchi mmoja wa pwani hii mwenye nyumba ndogo ya wageni. Alimwajiri kijana fundi amtengenezee tovuti, akamlipa haki yake, na kwa miaka kadhaa wageni wakawa wanaagiza vyumba kwa barua pepe. Kijana akahamia mji mwingine, akabadili na namba ya simu. Siku moja tovuti haikufunguka, na barua za wageni zikawa zinarudishwa. Mwenye nyumba alipouliza, akajibiwa kwamba jina lile halikuwa lake: liliandikishwa kwa jina la fundi, taarifa za malipo zilikwenda kwa fundi, na muda ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na wizi. Palikuwa na jambo moja tu ambalo halikuandikwa.

Yafaa basi ieleweke jinsi mambo haya yalivyo. Tovuti ina sehemu tatu. Ya kwanza ni jina, ambalo wataalamu huliita kikoa, kama yale yanayoishia na .co.tz kwa biashara au .or.tz kwa jumuiya. Ya pili ni mahali zinapohifadhiwa kurasa na barua, yaani kompyuta iitwayo seva. Ya tatu ni kurasa zenyewe. Fundi aweza kuzishughulikia zote tatu, lakini kushughulikia si kumiliki. Isitoshe, jina halinunuliwi moja kwa moja: huandikishwa kwa msajili kwa muda maalumu, na muda ukiisha bila kulipiwa, mtu mwingine aweza kulichukua.

Wakulima wa korosho wa Mtwara hawahitaji kufundishwa somo hili kwa mbali. Tangu mwaka 2007 wameujua utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mtunza ghala huzishika korosho, huzipima na kuzilinda, lakini hadai kuwa ni zake, kwa maana stakabadhi imekwisha kutaja mwenye mali. Fundi wa tovuti naye ni mtunza ghala. Ni mtu wa kuheshimiwa na kulipwa vizuri, ila stakabadhi haina budi kubaki mkononi mwa mwenye korosho.

Wala tusidhani kwamba ajali hizi huwapata wanyonge tu. Mwaka 1999 kampuni ya Microsoft ya Marekani, pamoja na utajiri wake wote, ilisahau kulipia jina la passport.com. Watumiaji wa barua pepe za Hotmail wakapata taabu, hata mtaalamu mmoja asiye mtumishi wa kampuni hiyo alipojitolea kulipa ada ya dola 35. Kampuni kubwa ilipata wa kuiokoa. Mama muuza mwani wa Msimbati atampata nani?

Kwa hiyo, ndugu wafanyabiashara, yafuatayo ni ya lazima. Kwanza, jina liandikishwe kwa jina la mwenye biashara au la ushirika, kama linavyosomeka katika cheti cha usajili, na risiti ihifadhiwe pamoja na leseni. Pili, anwani ya barua pepe iliyotolewa kwa msajili isiwe ile inayotegemea jina lilelile. Kwani jina likifa, anwani hufa nalo, na taarifa ya kukuokoa haitakufikia. Tatu, namba ya simu inayopokea tarakimu za siri iwe ya laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwenye mali, si ya karani. Nne, maneno ya siri yajulikane na watu wawili waaminifu, na yabadilishwe kila mtumishi anapoondoka. Tano, nakala ya kurasa na orodha ya wateja iwekwe mahali pengine.

Wapo watakaosema kwamba ukurasa wa Facebook au WhatsApp unatosha. Unafaa kwa kutangaza pweza na ngalawa za kukodi, lakini mtu ajue kwamba hapo yeye ni mpangaji. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, na akifunga mlango hana wajibu wa kuja Mikindani kueleza sababu. Mpangaji mwenye busara huwa na kiwanja chake, hata kiwe kidogo.

Maofisa wa Serikali nao wana sehemu yao. Sheria ya Serikali Mtandao ilitungwa mwaka 2019, na ofisi za umma zina anwani zinazoishia na .go.tz. Ofisa anayeendesha shughuli za wananchi kwa anwani yake binafsi, siku akihamishwa huondoka na jalada zima la ofisi. Aidha, maofisa biashara na maofisa ushirika wanapovitembelea vikundi vya Msimbati na vya visiwa vya Ghuba ya Mnazi, wasiishie kuuliza leseni na kodi. Waulize pia: jina la tovuti yenu limeandikishwa kwa nani? Na pale fedha za umma au za wafadhili zinapolipia tovuti ya kikundi, mkataba useme wazi kwamba mradi ukiisha jina na funguo zake hubaki kwa kikundi.

Hatusemi haya kwa kuwashuku vijana wetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, na iliwaelekea watu wa imani. Maandishi huwalinda wote wawili: mwenye mali asidhulumiwe, na mwenye kushika amana asisingiziwe.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea, na lilizungumza juu ya njia kuu za uchumi. Kwa mvuvi au mama wa nyumba ya wageni, jina lake katika intaneti ni njia ya uchumi wake. Kabla ya jua la kesho kuchwa, kila mwenye tovuti na aitafute risiti yake asome limeandikwa jina la nani. Likiwa si lake, amwendee fundi kwa heshima, wakae chini, waliandike upya wakiwa bado wanaonana.