Kabati la amplifaya nalo lahitaji kupumua

Nyumba nyingi za makuti, Wingwi na kwingineko kaskazini mwa Pemba, huachwa uwazi kati ya ukuta na paa. Hewa ya moto hupanda, hutokea hapo, na nyingine ya baridi huingia mlangoni. Mjengaji hahitaji kuelezwa hilo. Ajabu ni kwamba kanuni hiyo husahauliwa linapochongwa kabati la vyombo vya sauti vya msikiti.

Kabati hilo kila mtu analijua: la mbao, limefungwa pande zote, lina kufuli ili watoto wasichezee vitufe. Ndani zimebanana amplifaya, mikisa na kipokezi cha maikrofoni isiyo na waya. Tangu kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ilipoiunganisha Pemba na gridi ya taifa mwaka 2010, vyombo hivyo vinaweza kuwaka saa nyingi kuliko enzi za jenereta za dizeli.

Amplifaya za zamani, zile nzito zenye transfoma kubwa, hupeleka kwenye spika takriban nusu tu ya umeme zinaovuta. Ikivuta wati 500, kama 250 hubaki ndani kuwa joto, sawa na kuwasha balbu nne za kizamani za wati 60 kisha kufunga mlango. Vyombo vingi hutengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzijoto 40, na hewa inayopimwa ni ile inayokizunguka chombo, si ya barazani. Siku za kaskazi joto la Pemba hupita 30 kivulini. Akiba iliyobaki haifiki nyuzi 10.

Kinachoumia kwanza mara nyingi ni kapasita, kijikopo cha alumini chenye kimiminika ambacho joto hukikausha. Mafundi wana kipimo chao: kila nyuzi 10 zikiongezeka, uhai wake hupungua nusu. Kapasita ya saa 2,000 kwa nyuzi 105 hukadiriwa kudumu saa 32,000 kwa nyuzi 65, lakini saa 8,000 tu kwa nyuzi 85. Spika zikianza kuvuma kabla mtu hajasema neno, huenda kapasita zimeanza kuchoka.

Wengi hukimbilia feni. Feni ndani ya kabati lisilo na tundu huzungusha joto lile lile. Kuondoa wati 250 bila hewa kupanda zaidi ya nyuzi 10 kunataka lita 21 hivi za hewa kila sekunde, yaani ndoo nzima, tena na tena. Lazima iwe na pa kuingilia chini na pa kutokea juu, na nyuma ya vyombo ibaki nafasi ya shubiri moja. Kwenye kituo kama redio ya jamii ya Micheweni, wilaya ilipo Wingwi, jambo hili ni zito zaidi, kwani transmita haipumziki kati ya swala na swala.

Upepo wa bahari nao una chumvi, ile inayokula mabati. Ikichanganyika na vumbi hushika unyevu juu ya saketi, kwa hiyo sifongo ya kichujio cha hewa, kama kipo, ioshwe na ikaushwe mara kwa mara. Ndani aachiwe fundi: kapasita huweza kubaki na umeme wa kudhuru hata waya ukishachomolewa.

Kipimajoto cha kawaida kikitundikwa juu ndani ya kabati wakati wa tarawehe kitaonyesha hali. Kikipita 40, mlango wa mbao ubadilishwe kwa wa wavu wa chuma, na kufuli ibaki palepale.